Msiondoke, Bado Kuna Mtu Barabarani

Tulipobandika tangazo la mbio kwenye mti mkubwa pale sokoni Base Camp, tuliandika kwa herufi kubwa: MBIO ZA KINGA, JUMAMOSI, WOTE MNAKARIBISHWA. Dada mmoja mfanyakazi wa shirika, Mkenya, akasimama, akasoma, akasoma tena, halafu akatuuliza kwa upole: "Hii ni kinga ya ugonjwa gani? Mbona sisi wa afya hatujaambiwa?"

Tulicheka mpaka machozi, na yeye akacheka. Kwa sisi tuliotoka Uvira, Fizi na Bukavu, kinga ni baiskeli, basi. Warundi wanaita ikinga, Wanyarwanda igare, Waganda eggaali. Hapa Nakivale kitu kimoja kina majina manne au matano, kila jina lina watu wake, na watu wote hao wanakutana kwenye barabara moja ya vumbi. Kwa hiyo mkiona tunachanganya maneno humu, mtusamehe, ndivyo tunavyoongeaga.

Leo lakini hatutaki kuongea juu ya wanaopanda kinga. Hao wanasifiwa vya kutosha, angalau wale watatu wa kwanza. Tunataka kuongea juu yetu sisi tunaosimama kando ya barabara. Mwaka jana tulisimama vibaya, na tuna deni.

Ilikuwa hivi. Mbio zilipangwa saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi akachelewa, na bila mgeni rasmi hakuna kuanza, si mnajua. Zikaanza saa nane mchana, jua la utosi, waendeshaji 31, kilomita 40 hivi za kwenda na kurudi. Kinga zenyewe zilikuwa zile nyeusi nzito za chuma, zisizo na gia, ambazo siku nyingine zote zinabeba jerikani za maji, mikungu ya matoke, magunia ya mahindi, na mara nyingine mgonjwa. Wengi walifungua keria ili kupunguza uzito. Mmoja alikimbia na keria yake hivyo hivyo, maana kinga ilikuwa ya kuazima na mwenyewe alikataa isiguswe hata nati moja.

Wa kwanza alirudi kama saa tisa na nusu. Jamani, kelele! Filimbi, masufuria, watoto wanakimbia nyuma yake. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Picha zikapigwa, mbuzi akatolewa, hotuba zikasomwa, magari meupe yakawasha injini. Mpaka saa kumi na moja uwanja ulikuwa mtupu. Sisi wenyewe, vijana wa kikundi, tulikuwa tumeshakunja bango na kukimbilia kwenye banda la video kuangalia mpira wa Uingereza.

Nambari 23 alikuwa bado yuko barabarani.

Nambari 23 ni mwenzetu, wa kikundi chetu hiki hiki. Tumemwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema andikeni ila jina msiweke. Cheni yake ilikatika akiwa amebakiza kilomita 13. Hakuwa na cha kuungia. Akaisukuma kinga kwenye mipando, na kwenye miteremko akaipanda akaiachia ishuke yenyewe. Dereva wa lori alisimama akamwambia weka juu nikupeleke. Akakataa. Tulipomuuliza kwa nini, alitushangaa: "Si ningekuwa sijamaliza?"

Alifika jua linazama. Mstari wa kumalizia tulikuwa tumeuchora kwa majivu, na watu na mbuzi walikuwa wameukanyaga mpaka haupo tena, kwa hiyo hakujua hasa avuke wapi. Alikuwepo mama mmoja tu, yule wa maandazi, anafunga vyombo. Mama akampa maji kwenye kikombe chake mwenyewe, akamuuliza: "Mwanangu, umekuwa wa ngapi?"

Akasema hajui.

Na kweli hakuna aliyejua. Kwenye daftari la matokeo, ambalo liliandikwa na mmoja wetu, kulikuwa na majina 22. Wengine 9 hawakuandikwa popote, si kama waliomaliza, si kama walioshindwa. Sisi watu wa kambi tunajua vizuri maana ya kufika mahali ukakuta jina lako haliko kwenye orodha. Umepanga mstari tangu alfajiri, umefika dirishani, mtu anaangalia karatasi, anatikisa kichwa. Hiyo tunaijua. Halafu tukaifanya wenyewe, kwa mwenzetu, siku ya furaha.

Ndiyo maana tunasema mtazamaji ana kazi, na si kazi ya kupamba tu. Kwenye mbio hizi zetu za ridhaa, ambapo hakuna anayelipwa, hakuna televisheni, hakuna gari la kufuata na kinga za akiba, mtazamaji ndiye shahidi peke yake. Mshindi ana mbuzi wa kuonyesha. Wa 28 ana nini? Ana macho ya watu waliomwona akipita. Yakiondoka hayo, ameendesha kilomita 40 na hakuna mtu duniani anayejua.

Hata kwenye mbio za wakubwa wanalijua hili. Kule Ufaransa, kwenye Tour de France, anayeshika nafasi ya mwisho kabisa ana jina lake: wanamwita taa nyekundu, kutokana na ile taa iliyokuwa inafungwa nyuma ya behewa la mwisho la treni. Watu wanamjua, wanamsubiri, wanamshangilia. Na taa ile haikufungwa pale kwa mapambo. Mtu wa stesheni akiiona anajua treni yote imepita, hakuna behewa lililobaki njiani. Sisi mwaka jana tulifunga stesheni kabla ya kuiona taa.

Au chukueni ubingwa wa dunia uliofanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Baadhi yetu tuliangalia kwenye simu, tukiwa sita kwenye simu moja. Wengine wetu walikataa kabisa kuangalia, na sababu zao ziko kule Kivu, tunazijua, hatutazipitia hapa kana kwamba ni jambo dogo. Lakini mbio za wanaume za siku ya mwisho zilikuwa za zaidi ya kilomita 267, milima juu ya milima, Tadej Pogačar akashinda, na kati ya watu zaidi ya 160 walioanza, waliomaliza ni 30 tu. Hao ni watu wanaolipwa, wana madaktari, wana kinga nyepesi unayoinua kwa mkono mmoja. Sasa kijana wa Rubondo akishindwa kumaliza na kinga ya chuma ya kuazima, tunamcheka kwa lipi?

Tuseme basi namna ya kusimama, maana tumejifunza kwa makosa.

Kwanza, mahali. Wengi wetu tunasongamana pale pa kumalizia. Au tunakaa kwenye tambarare kwa sababu kuna kivuli. Kwenye tambarare utasubiri saa nzima uone vumbi la sekunde kumi. Pale waendeshaji wanakwenda kasi, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu wa mbele anakata upepo na wa nyuma wanapumzika kidogo kwenye kivuli chake. Hawawezi kukusikia, na hawana haja yako. Nenda kwenye mpando. Pale mwendo unapungua, hiyo faida ya kujificha nyuma ya mwenzako inakwisha, kila mtu anabaki na miguu yake na pumzi yake. Kinga isiyo na gia kwenye mpando mrefu, ni mwendo wa mtu anayetembea. Utamwona uso. Utaona nani anatetemeka mikono. Na yeye atakuona, atasikia hata neno ulilosema kwa sauti ndogo. Mpando ule wa kuelekea Juru ndiyo siti ya mbele, bila kiingilio.

Pili, maneno. Tuna utajiri hapa. "Komera!" ya Warundi na Wanyarwanda ni neno zuri kuliko yote, linaingia kifuani. "Kaza! Kaza!" nayo inafaa. Wakongo tunapiga "Allez, allez!" hata kwa mtu ambaye hajawahi kusikia Kifaransa, na anaelewa. Neno la kuacha nyumbani ni "bado kidogo". Tunawaomba sana. Kila mtazamaji anasema bado kidogo, kuanzia kilomita ya tano, na mwendeshaji anayeijua barabara anajua ni uongo, na asiyeijua anakuamini, anamaliza nguvu zote, halafu anakata kona anaona mlima mwingine. Kama unajua umbali, sema: "Kona mbili, halafu mteremko." Hiyo ni msaada. Kama hujui, piga sufuria tu.

Tatu, maji. Mwagia mtu shingoni au mgongoni kama ameomba, usimmwagie usoni, anahitaji macho. Ukimpa chupa, mpe kwenye mpando na si kwenye mteremko, kimbia naye upande mmoja hatua chache, shika chupa kwa juu ili yeye aikamate katikati, halafu achia. Usimsukume. Tunajua mkono unakuwasha, sisi pia. Lakini kwenye mbio za wakubwa mwendeshaji anaweza kuadhibiwa kwa kusukumwa, na kwetu sisi ni kumdhulumu wa nyuma yake ambaye hana shemeji wa kumsukuma.

Nne, na hapa tunaomba mtulie kidogo: barabara yenyewe. Uganda magari yanapita kushoto. Kongo, Burundi na Rwanda yanapita kulia. Mtu aliyefika miezi miwili iliyopita akitaka kuvuka, kichwa chake kinageuka upande aliouzoea tangu mtoto, na kinga inatoka upande mwingine, bila kelele ya injini. Mwaka jana mtoto mmoja aliponea chupuchupu. Halafu kuna ng'ombe, hawa wa wenyeji wenye pembe ndefu, ambao hawajui habari ya mashindano. Wachungaji ni watu wa kuzungumza nao mapema, siku moja kabla, kwa heshima, si kuwapigia kelele wakati ng'ombe mia wameshaingia barabarani. Watazamaji wawili wenye fimbo pale njia ya ng'ombe inapokatisha wana thamani kuliko wapiga filimbi hamsini.

Simu pia. Mwaka 2021, hatua ya kwanza kabisa ya Tour de France, mtazamaji mmoja alichomeza bango lake barabarani ili lionekane kwenye televisheni, salamu kwa babu na bibi yake. Alikuwa anaangalia kamera, mgongo ameupa waendeshaji. Tony Martin, Mjerumani, akaligonga bango, akaanguka, na nyuma yake wakalala makumi ya watu. Baadaye yule mtazamaji alipigwa faini mahakamani. Kila tukiwaona vijana wetu wanageuza mgongo barabarani ili wajipige picha na mbio zikiwa nyuma yao, tunalikumbuka lile bango.

Sasa tuje kwenye lile ambalo tuliogopa kuliandika.

Pale kwenye kona ya pili mwaka jana kulikuwa na kundi ambalo halikushangilia mtu. Lilikuwa linasubiri watu fulani wapite ili liwazomee. Kwa sura, kwa pua, kwa jina. Hatutarudia maneno yaliyosemwa. Hapa Nakivale tunaishi nyumba kwa nyumba na watu ambao vita iliwakuta upande mwingine wa mto, wengine tulikimbia watu wa kabila lao, wao walikimbia watu wa kabila letu. Tumejifunza kuchota maji kwenye bomba moja. Halafu tunaleta mchezo, mtu anapanda mlima kwa shida mbele yetu, hana pa kujificha, anakwenda mwendo wa kutembea, na huo mpando tuliousifu hapo juu unageuka mahali pa kumtukana taratibu, neno kwa neno. Mzomeaji naye anajua siti nzuri iko wapi.

Kuna aliyetuambia, "Kwa hiyo mnataka tusishangilie watu wetu?" Hapana. Shangilia wako mpaka sauti ikauke, kwa lugha ya mama yako. Kosa ni kumzomea wa jirani. Tulichoamua sisi wa kikundi ni kuita nambari. "Kaza, 14! Komera, 9!" Kila mwendeshaji ana kipande cha katoni mgongoni chenye nambari, na nambari haina kabila. Wengine wanasema ni utoto. Labda. Ila tulipoijaribu kwenye mbio ndogo za mwezi wa tatu, watoto waliipenda, wakaanza kushindana kusoma nambari kutoka mbali, na ni vigumu kidogo kumtukana mtu wakati mwanao amekaa begani kwako anapiga kelele "Nambari tisa! Nambari tisa!"

Na wasichana. Walianza wanne. Mmoja alivaa suruali, akafunga kitenge juu yake ili watu wasiseme, na watu wakasema vilevile. Hakuna aliyemwambia habari ya miguu yake kama mwendeshaji, walimwambia habari ya miguu yake kama nyama buchani. Aliacha katikati, akarudi nyumbani kwa njia ya ndani ili asipite kwa watu. Hatukusema kitu. Tulikuwepo watatu pale, tukaangalia chini.

Tunapenda kumtaja hapa Masomah Ali Zada. Ni wa Afghanistan. Yeye na wenzake walikuwa wanafanya mazoezi barabarani kule Kabul, wanatukanwa, wanarushiwa mawe kwa sababu tu ni wasichana juu ya baiskeli. Mwaka 2017 alipata hifadhi Ufaransa. Julai 2021 alishindana Tokyo kwenye Olimpiki, akiwa na Timu ya Wakimbizi, mbio za kila mtu peke yake dhidi ya saa. Wanawake walikuwa 25. Yeye akawa wa 25. Sasa tafuteni picha za siku hiyo muone kama kuna mtu anayemcheka. Yule wa kitenge ana miaka 17 na anabeba jerikani nne kwa safari moja. Tungependa arudi. Hajakubali bado, na hatumlaumu, ni sisi tunaopaswa kumwonyesha kwamba ile kona imebadilika.

Tena kuna kamari. Tutapita haraka: kuna watu waliweka pesa, mtu wao akapitwa, wakamrushia chupa aliyempita. Kama unaweka pesa kwa mtu anayekimbilia mbuzi, kaa nyumbani.

Ndugu mmoja alisoma rasimu ya maandishi haya kwenye kundi letu la simu, akatujibu kwa hasira: "Watu mgao umekatwa, watoto wanalala na uji, nyinyi mnafundishana kupiga makofi." Tulinyamaza siku nzima kwa sababu ana haki. Makofi hayaliwi. Hatusemi mbio zitaleta amani, wala hatuna karatasi ya mradi yenye maneno hayo. Lakini tumjibu hivi: njaa haikutuzuia kuzomea. Haikutuzuia kusimama pale kwenye kona saa mbili nzima kutafuta wa kumtukana. Nguvu ya kusimama ipo tayari, watu wapo tayari barabarani, swali ni wamesimama kufanya nini. Na wale wanaoendesha, ndio hao hao wanaobebea familia maji na kuni. Jumamosi moja kwa mwaka wanabeba miili yao tu. Tuwaangalie basi vizuri.

Sasa ninyi ndugu zetu wa vizibao. Tunawapenda, wengine mnatusoma kila wiki, na yule dada wa kinga ya ugonjwa ametuletea filimbi kumi. Tunajua mna sheria: gari lazima liwe limerudi kabla ya jioni, ripoti inataka picha ya mshindi na bango. Hatuwalaumu kwa kuondoka saa kumi. Tunawaomba vitu viwili tu. Msikubali mbio zisubiri mgeni rasmi. Zianze saa moja asubuhi, kuna ubaridi, barabara haina malori mengi, na wa mwisho atafika mkiwa bado mpo. Mgeni atazikuta katikati, atakaa, atapiga makofi kama sisi. Cha pili, zawadi zisitolewe mpaka barabara iwe tupu. Hapo ndipo umati unapovunjika, mbuzi akishatoka kila mtu anakwenda. Mbuzi na akae amefungwa mtini, ale majani, asubiri na yeye.

Kuna aliyependekeza tuache njia ya kwenda na kurudi, tufanye mzunguko mfupi wa kilomita nne, mara kumi. Tumeubishania sana huo. Uzuri wake ni kwamba watazamaji wanawaona mara kumi badala ya moja, na cheni ikikatika mtu hayuko mbali. Ubaya wake ni kwamba wenye kasi watawazunguka wa nyuma, na kawaida mbio za mzunguko zinawatoa waliozungukwa ili wasizibe njia. Tutakuwa tumemfukuza nambari 23 mapema zaidi, kwa utaratibu mzuri zaidi. Mwisho tulikubaliana: mzunguko sawa, lakini anayezungukwa anakaa kushoto, anaendelea, na tunamhesabia mizunguko yake yote hata kama wenzake wameshakula. Mzee mmoja fundi wa kinga, anayeziba pancha pale karibu na kituo cha afya, amekubali kukaa pa kuanzia na cheni za akiba na kiungio, bila kulipwa, ila amesema tumletee chai.

Mbio zijazo ni baada ya mvua, barabara ikikauka, siku tutatangaza. Nafasi tumeshaanza kugawana. Wawili wenye fimbo kwenye njia ya ng'ombe, wameshaongea na wachungaji. Sita kwenye ile kona ya pili, na kati yao watatu ni wale wale walioangalia chini mwaka jana, wameomba wenyewe. Mama wa maandazi atakuwa pa kumalizia kama kawaida yake. Daftari halitashikwa na yule wa mwaka jana, tumempa sufuria. Mstari tutauchora upya kwa majivu kila ukikanyagwa, kuna watoto wawili wamepewa ndoo.

Na nyuma ya wote atakwenda mtu mmoja kwenye kinga, na taa nyekundu imefungwa kwenye keria. Tumeshaitengeneza, ni tochi ndogo ndani ya mfuko mwekundu wa plastiki, hata mchana inaonekana kidogo. Mpaka taa hiyo ivuke mstari, hakuna anayekunja bango. Tulimwomba nambari 23 aibebe, akakataa katakata, anasema mwaka huu anataka kushindana. Kwa hiyo tunatafuta mtu. Anayetaka aje kikaoni Jumatano jioni, awe na pampu, na breki zinazoshika.